Siku ya Gari Ijulikane

(Maneno yaliyosemwa Kalemie mbele ya wasafiri, wachuruzi na wafanyakazi wa reli. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tumekuja kusema juu ya gari la moshi. Tunajua kwamba wengi wenu mukisikia neno hilo, wengine munacheka na wengine munanung'unika. Kila mutu hapa ana habari yake ya kungojea. Lakini leo hatukukuja kuhesabu vilio. Tumekuja kuuliza swali moja: gari la watu lipangwe namna gani, kusudi likue na kuwa jema? Tunataka kila mutu atoke hapa akiwa na hesabu kichwani, asitoke na hasira tu.

Neno letu tunalisema tangu mwanzo, kusudi asiwepo mutu wa kutafuta tunakokwenda. Siku ya gari ijulikane kwanza. Mbio zitafuata. Wago nzuri zitafuata. Reli mupya zitafuata. Lakini mupango usioanza na siku na saa, huo si mupango wa wasafiri, ni picha ya kutundika ukutani.

Mutu akitaka kutengeneza nyumba ya kitambo, anauliza kwanza: aliyeijenga alitaka nini? Sisi vilevile tuulize reli zetu. Reli ya kwanza ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitoka upande wa kusini, inchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini na sasa ni Zambia. Ilifuata shaba. Mwaka 1918 ikafika Bukama, na mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, ndiyo Ilebo, kusudi mizigo ipakiwe katika mashua na kushuka hata Kinshasa. Mwaka 1931 njia nyingine ikapita Dilolo ikaungana na reli ya Angola inayokwenda hata bahari ya Lobito. Njia hizo zote zilipangwa kwa kuuliza: shaba itatoka wapi? Hapana aliyeuliza: mama wa Bukama atafika lini sokoni?

Upande wetu wa mashariki, kampuni ya reli ya Maziwa Makubwa, iliyoitwa CFL, ilianzishwa mwaka 1902. Yenyewe ilijenga reli kuwa musaada wa mashua. Pale ambapo maporomoko yanazuia mashua, waliweka reli. Pale maji yanapotulia, mizigo ilirudi mutoni. Kwa hiyo mwaka 1906 walimaliza njia ya Kisangani na Ubundu, kilometa 125. Mwaka 1911 njia ya Kindu na Kongolo, kilometa 355. Mwaka 1915 njia ya Kabalo na Kalemie yetu hii, kilometa 273. Daraja la Kongolo juu ya Lualaba lilimalizika mwaka 1939. Mwaka 1955 reli za upande huu, zilizokuwa na upana wa meta moja, zikapanuliwa milimeta 67 kusudi zilingane na zile za Katanga. Na mwaka 1956 kipande cha Kabalo na Kamina kikamalizika, kilometa 446.

Musikilize vema hesabu hiyo. Toka 1910 hata 1956 ni miaka 46. Ndiyo miaka iliyopita mbele mutu hajaweza kupanda gari Lubumbashi na kushuka Kalemie au Kindu bila kuacha reli. Wazee wetu waliopasua mawe na kubeba chuma walifanya kazi kubwa, lakini njia waliyoijenga ilikuwa ya mizigo, na musafiri alipewa nafasi iliyobaki. Sisi leo tunarizi reli ile ile. Kazi yetu ni kugeuza swali lake.

Sasa tuseme musafiri anataka nini. Tuchukue mama anayechuruza ndakala. Ananunua mifuko yake hapa Kalemie, mara nyingi kwa feza ya kukopa. Anataka kuipeleka Kamina au Lubumbashi. Kama anajua kwamba gari linaondoka siku ya kwanza ya juma asubuhi, ananunua siku ya posho, anafunga mizigo siku ya mungu, anapanda. Kama hajui siku, anakaa gareni. Kila siku ya kukaa anakula, watoto wake wanakula, mulinzi wa mizigo anataka chake, na mvua ikinyesha ndakala zinashika maji na kuoza. Deni halingoji gari. Akifika sokoni, bei anayotaka haitoshi tena kulipa safari. Ona basi: gari halikumuibia kitu, tike yake ilikuwa rahisi, lakini kutokujua siku kumekula faida yake yote.

Na mugonjwa anayetafuta munganga? Na mwanafunzi ambaye mutihani wake una siku yake? Hao hawaombi gari la kuruka kama ndege. Wanaomba siku.

Pahali pasipo na gari la watu la kutumainiwa, watu wanapanda gari la mizigo. Jambo hilo si muchezo. Mwezi wa tatu, mwaka 2022, gari la mizigo lilianguka Buyofwe, katika jimbo la Lualaba, na watu wapatao 75 wakafa. Walikuwa wamepanda juu ya wagosi zisizo zao kwa sababu walikuwa na safari ya kufanya. Wengine wakasema: ni kosa lao, hawakuwa na ruhusa. Sisi tunajibu hivi: mulinzi anaweza kuwafukuza watu katika gari la mizigo, lakini safari yao haifukuzwi. Dawa ya kweli ni gari la watu lenye siku yake.

Tuingie katika hesabu. Hapa Kalemie hata Kabalo ni kilometa 273. Tusidanganyane, reli imezeeka, tuihesabie mwendo mudogo wa kilometa 30 kwa saa. Gari litatembea saa 9 na kitu. Tuongeze saa moja na nusu kwa kusimama Niemba, Nyunzu na gare nyingine ndogo. Ni kama saa 11 zote. Basi likiondoka Kalemie jua likichomoza, litafika Kabalo mbele ya giza. Kesho yake linarudi. Siku ya kwanza linakwenda, siku ya pili linarudi. Ya tatu linakwenda, ya nne linarudi. Ya tano linakwenda, siku ya posho linarudi. Siku ya mungu linalala Kalemie, na mafundi wanaangalia breki, magurudumu na masini. Ni safari tatu za kwenda na tatu za kurudi kila juma, kwa masini moja na wagosi zile zile.

Tuseme gari hilo lina wagosi 6, na kila wago ina viti 80. Ni viti 480. Kwa safari 6 za juma moja ni viti 2,880. Kwa majuma manne ni viti 11,520. Sasa tufananishe na gari kubwa la wagosi 12 linaloondoka mara moja kwa mwezi na kurudi mara moja. Ni viti 1,920 tu. Ona: gari dogo lenye nusu ya wagosi limechukua watu mara sita kuliko lile kubwa. Mara nyingi gari linajaa hata mulangoni, na mutu anasema, tulete wagosi nyingine. Pengine wagosi zinatosha, lakini zinasimama bure. Wago iliyosimama gareni majuma matatu si kitu cha kusafiria, ni nyumba ya panya.

Jambo la pili ni Kabalo. Kabalo ndiyo fundo la njia zetu tatu: ya Kalemie, ya Kamina na ya Kindu. Toka Kamina ni kilometa 446. Toka Kindu, kwa kupita Kongolo, ni zaidi ya kilometa 400. Njia hizo mbili karibu zinalingana. Kwa mwendo ule ule wa kilometa 30, gari la Kamina litatembea karibu saa 15, mbele ya kuhesabu kusimama. Basi magari ya Kamina na Kindu yaondoke jioni ya siku ya mungu, yafike Kabalo kesho yake muchana. Na gari la Kalemie linafika jioni ile ile. Musafiri wa Kindu anayekwenda Kalemie, na yule wa Kalemie anayekwenda Kamina, wote wanakutana Kabalo usiku mumoja. Asubuhi kila gari linarudi kwake likiwa na watu wa njia zote tatu.

Hapo mupango umezaa vitu vitatu. Kwanza, safari moja kwa juma toka Kamina na Kindu inaungana na yetu bila mutu kukaa siku tano Kabalo. Pili, masini moja ya akiba ikiwekwa Kabalo inalinda njia tatu kwa mara moja, hakuna haja ya kuweka akiba tatu. Tatu, watu wa Kabalo wanajua usiku gani waandae vyakula, vitanda na taa, nao watapata faida. Lakini ni lazima pale pawe na nyumba ya kungojea yenye dari, maji na vyoo, na pahali pa wamama walio na watoto. Na mizigo mikubwa ipimwe, ipewe karatasi, iende katika wago yake. Mufuko wa ndakala na mutoto anayelala havifai kugombania pahali pamoja.

Mutu atasema: hizo ni ndoto zenu. Hapana. Namna hii ya kupanga imejulikana katika inchi zenye reli nzuri kabisa. Uswisi ni inchi ndogo yenye milima mingi. Mwaka 1987 raia wake walipiga kura wakakubali mupango ulioitwa Reli 2000. Hawakuanza kwa kusema tujenge reli ya mbio kuliko zote za dunia. Walianza kwa kuandika saa: magari yote yakutane katika miji mikubwa kwa saa moja, kusudi musafiri abadili gari bila kungoja. Kisha wakauliza: ili saa hizo zishikwe, ni wapi tujenge? Wakajenga pale tu palipohitajiwa, na mwezi wa 12, mwaka 2004, saa mupya zikaanza kufanya kazi. Ndiyo kusema saa ilitangulia, chuma kikafuata. Wao ni matajiri, sisi si matajiri. Lakini mwenye feza kidogo ndiye anayepaswa zaidi kujua pahali pa kuiweka.

Tena tusitazame mbali tu. Tuvuke ziwa letu. Ndugu zetu wa Tanzania walikuwa na reli ya kitambo kama sisi, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 2012, pale Dar es Salaam, walianza gari la asubuhi na jioni la kupeleka watu kazini, juu ya reli zile zile za zamani, kwa wagosi zilizotengenezwa upya. Watu wakaliita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa wakati ule. Reli mupya ya umeme ikaja nyuma, na mwaka 2024 ikaanza kuchukua wasafiri toka Dar es Salaam hata Morogoro, kisha Dodoma. Hawakukaa miaka yote hiyo wakingoja ile mupya ndipo watumie ile ya zamani. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa, feza ya kutengeneza ikipatikana, ianze wapi? Hapa tena tufanye hesabu, maana wengi wanakosea. Tuseme kuna kipande kibovu cha kilometa 10, ambapo masini inakwenda kilometa 10 tu kwa saa. Inapoteza saa nzima. Tukikitengeneza hata masini ikapita kwa kilometa 30, itatumia dakika 20. Tumepata dakika 40. Tuchukue sasa kipande kizuri cha kilometa 10, tukipandishe toka 30 hata 40 kwa saa. Toka dakika 20 tunashuka hata 15. Tumepata dakika 5 tu! Kwa hiyo fundi mwenye akili anatafuta kwanza pahali pabaya kuliko pote, anapatengeneza, kisha anatafuta pabaya panapofuata. Haanzi karibu na gare kubwa pale wakubwa wanapopiga picha.

Na adui wa kwanza wa reli ni maji. Njia yetu inafuata bonde la Lukuga, muto unaotoa maji ya ziwa Tanganyika na kuyapeleka Lualaba. Mwaka 2024 tuliona ziwa likipanda hata kuingia katika nyumba za watu hapa Kalemie. Maji yakikaa chini ya reli, mawe yanazama katika matope, mataruma yanaoza, chuma kinapinda, na gari linaanguka. Mifereji iliyozibuliwa mbele ya mvua ni dawa rahisi kuliko daraja jipya kisha mvua. Kazi hiyo inataka mikono mingi, na vijana wa kando ya reli wanaweza kuifanya kwa mushahara.

Tuje kwa jambo gumu. Reli yetu ni moja, magari mawili hayawezi kupita pamoja. Pahali pa kupishana, gari moja linaingia pembeni na kungoja. Ni nani anayengoja? Siku hizi dunia yote inatafuta tena shaba na cobalt ya Katanga. Mwaka 2023 reli ya Benguela, ile ya Angola, ilikabidhiwa kwa kampuni Lobito Atlantic Railway kwa miaka 30, na maneno mengi yanasemwa juu ya njia hiyo hata Kolwezi. Sisi hatukatai shaba. Feza ya shaba inaweza kununua chuma na mawe ya reli. Lakini kila mapatano ya namna hiyo, katika kila njia ya inchi yetu, yaandikwe wazi: gari la watu lina saa zake, na katika saa hizo gari la mizigo ndilo linalongoja pembeni. Kama neno hilo haliko katika karatasi tangu mwanzo, halitaingia nyuma. Shaba haina njaa ikikaa saa mbili pembeni, mutoto anayo.

Na nani atalipa? Tuseme kweli. Tike ya musafiri peke yake mara nyingi haitoshi kulipa gari, hata Ulaya ni vile. Inchi nyingi zinafanya hivi: serikali inanunua safari. Inasema kwa shirika la reli: tunataka safari tatu kwa juma, bei ya tike isipite kiasi hiki, na sisi tutalipa pungufu. Safari isipofanyika bila sababu ya kweli, hakuna malipo. Hayo ni mapatano yanayoshika pande zote mbili. Shirika haliambiwi tena kufanya kazi ya raia bila feza, na serikali hailipi hewa. Njia zetu tatu zinagusa majimbo matatu, Tanganyika, Haut-Lomami na Maniema, na miji mikuu yao yote, Kalemie, Kamina na Kindu, iko juu ya reli hii. Majimbo hayo yakae meza moja na serikali ya Kinshasa, yaandike saa moja ya pamoja. Na katika hesabu hiyo mushahara wa wafanyakazi uje mbele. Mashinisti mwenye njaa ni hatari kuliko reli iliyopinda.

Tumesema ya wakubwa. Sasa tujitazame wenyewe. Anayeng'oa vyuma vya reli kuviuza, anaua ndugu yake. Anayejenga nyumba juu ya mufereji wa reli, anaita maji. Anayempa mulinzi feza mukononi badala ya kukata tike, anafanya gari lionekane tupu katika vitabu, kisha analia kwamba gari limepunguzwa. Gari linalohesabiwa ndilo linaloongezwa.

Kwa hiyo tunaomba kazi moja ndogo, tuianze juma hili. Katika kila gare, toka Kalemie hata Kabalo, wasafiri wachague mutu mumoja anayejua kuandika, awe na daftari. Aandike tarehe, saa gari lilipotazamiwa, saa lilipofika, watu walioshuka na waliobaki chini kwa kukosa nafasi. Asitukane mutu, aandike tu. Miezi sita ikipita, tuyaweke madaftari hayo mezani mbele ya shirika na majimbo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na safari ni mali yetu. Mukubwa anaweza kukataa kilio. Kukataa hesabu iliyoandikwa kila siku kwa miezi sita ni kazi ngumu.

Vita vilivyoanza mwaka 1998 vilikata njia ya Kindu, na mwaka 2004 gari likafika tena. Basi tunajua kwamba njia iliyokufa inaweza kufufuka. Gari moja dogo lifike siku yake, juma hili na juma lijalo na lile linalofuata. Hapo muchuruzi atakopa bila hofu, mwalimu atapanga safari yake, mugonjwa atajua siku ya kutoka nyumbani. Halafu tutaomba la pili.

Siku ijulikane. Saa ishikwe. Mutu aheshimiwe kuliko muzigo.